Mia na Kumi na Moja

Duka langu la steshenari, Newala, nyuma ya soko,
hufungwa saa mbili usiku. Fotokopi hupoa ikitoa vijimlio,
nami naiwasha tena kompyuta iliyochapa barua za mchana
na kuirudisha Desemba ya mwaka sitini na nane.

Adinani hukalia boksi la karatasi. Ana miaka kumi na mitatu.
Kazi yake daftari: nasema, anaandika.
Kimo cha kwanza, kilomita mia na themanini na tano.
Kuchoma injini, dakika tano, sekunde kumi na nane.
Spidi (analamba ncha ya penseli) kumi nukta nane.
"Kilomita?"
"Kilomita."
"Kwa saa?"
"Kwa sekunde. Andika."

Sichezi nishinde. Kushinda nilishashinda,
mchezo ukanipigia tarumbeta zake, nikachoka.
Nataka kupita walipopita wale watatu,
palepale. Ukipita kando ya unyayo
umekanyaga majani tu.

Wiki tatu tulikosea.
Kufika tulifika, lakini kama mlevi anavyofika kwake,
kwa mlango wa jirani.
Mara tuko kilomita elfu nne juu, mara tumejifukia vumbini,
mara mwezi umeshapita, sisi tunaupungia mkono.
"Si tumefika lakini?" akauliza Adinani.

Kosa halikuwa mkononi. Lilikuwa kwenye mvuto.
Mchezo ulivyoundwa, dunia hukushika peke yake
mpaka mstari fulani gizani, kisha hukuachia, mwezi ukakupokea,
kama walinzi wa ghala wanavyokabidhiana tochi alfajiri.
Hesabu nyepesi. Na ya uongo.
Nani kwetu amewahi kuvutwa hivyo?
Mimi nimelelewa na mjomba, upande wa mama, ndivyo desturi,
na baba yuko Kitangari, anapiga simu kila Ijumaa.
Sijawahi kuvuka mstari nikasema: hapa baba amekwisha.
Hata jikoni kwa mjomba, nikipepeta mchele,
kuna kitu ndani yangu kilipinda kidogo
kuelekea Kitangari.

Basi nikapakua kile kiongezo, bando la siku nzima likaisha,
kinachoviacha vyote vivute kwa pamoja,
jua nalo, kwa mbali, likitia mkono wake.
Mstari wa safari ukatetemeka kwenye skrini,
ukalegea, ukajikunja,
ukawa namba nane iliyolala ubavu.
Adinani akaufuata kwa kidole, akaacha alama ya mafuta ya korosho.

Jana tukaenda nyuma ya mwezi.
Huko redio hukatika. Adinani naye akakatika, hata kupumua.
Injini: dakika nne, sekunde saba.
Dakika ya pili mtu akagonga.
"Fotokopi, mwanangu! Ni kibali cha mazishi!"
Sikugeuka. Nilihesabu.
Mia na arobaini. Mia na arobaini na moja.
Yule mama nje akaacha kugonga, nikamsikia akikaa barazani,
khanga ikiburuza ukutani.
Mungu anisamehe zile sekunde.
Injini ilipozima nikafungua, nikamtolea nakala tano,
nikakataa hela yake. Hakuuliza tulikuwa wapi.

Tuliporudi kwenye skrini: mia na kumi na tatu.
Wale watatu walizunguka mia na kumi na moja.
"Mbili tu!" Adinani akaruka, boksi likapasuka.
"Kutoka huku kote, mbili tu!"

Mjomba Nampunju alikuwa karani wa mizani, chama cha ushirika.
Siku moja gunia lilisoma themanini na mbili,
mwenzake akaandika themanini.
Mjomba akaweka kalamu mezani, akauliza swali
lililomkosesha kazi kabla msimu haujaisha:
"Hizi kilo mbili ni za nani?"

LUKU imebaki yuniti nne.
Adinani anachonga penseli, ananitazama.
"Kutoka mwanzo?"
Ukurasa mpya. Kimo cha kwanza.